Muulize kwanza kama amekula

Wiki hii mmetuuliza sisi wa ughaibuni: jamii ya wahamiaji itunzeje afya ya akili ya watu wake? Nitawajibu kwa habari za Waayalandi wa London kaskazini. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na wengi wa wazee wangu ni hao.

Miaka ya 1950 watu zaidi ya 400,000 waliihama Ayalandi, wengi wakaja Uingereza. Wanaume walichimba mitaro na kujenga barabara. Alfajiri walisimama Cricklewood Broadway wakingoja gari la mnyapara. Siku ya malipo walikwenda baa, maana huko ndiko hundi zilikogeuzwa fedha taslimu, na aliyekwenda kubadilisha alitarajiwa anywe. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema "hawa ni walevi tu", humuuliza: ungekuwa wewe, chumba chenyewe cha kupanga ni cha kulala tu, jioni ungekaa wapi?

Kisha ikaja 1974. Mabomu katika baa za Birmingham yaliua watu 21, wakalaumiwa IRA, wapiganaji wa Kiayalandi, na lafudhi ya Kiayalandi ikawa kama ushahidi. Wanaume 6 wasio na hatia walifungwa kwa mabomu hayo, wakakaa gerezani hadi 1991. Katika hali hiyo mtu hujizoeza kunyamaza ndani ya basi, kwenye foleni ya duka, na mwishowe hata mbele ya daktari.

Mzee wa namna hiyo ukimpa karatasi ya kliniki ya akili atashukuru, kisha ataitupa. Wenzake wanaomjua huanzia kwenye chakula. London Irish Centre, pale Camden, kuna chakula cha mchana, muziki, na watu wa kumsaidia na mambo ya pensheni. Anakuja kwa ajili ya fomu, anakutana na mtu wa kijiji chao. Mazito huja baadaye, na kwa hayo kuna icap, shirika la ushauri nasaha lililoanza 1996 kwa ajili ya Waayalandi. Wapo waliolelewa katika taasisi za kanisa ambazo ripoti ya tume ya 2009 ilianika ukatili wake. Huyo huwezi kumwambia akamwone padri.

Serikali ya Ayalandi nayo huchangia, kupitia mpango wa kuwasaidia raia wake walioko nje ulioanza 2004. Ilichelewa mno, lakini inatoa. Kwetu, Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila mwezi diaspora imetuma dola ngapi. Aliyezituma analalaje, hakuna anayeuliza.

Vyama vyetu hapa ni hodari wa kusafirisha maiti. Mtu akifa, mchango hutimia haraka ajabu. Basi mweka hazina, ambaye ana namba za wote, awapigie simu wanaoishi peke yao, na ukumbi tunaokodi kwa matanga upikiwe pilau mara moja kwa mwezi bila msiba wowote.