Jinsi ya kutunga mashindano ya hisabati ya mazoezi

Mkuu, umeuliza namna ya kuwatungia vijana wa kidato cha tatu na cha nne kwenye grupu lenu la Telegram hapo Dar mashindano yasiyofanana na mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Anza na maswali, pointi baadaye. Swali zuri halimalizwi na kikokotoo. Mfano: tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 2025 ni ipi? Mtoto akiandika 7, 49, 343, 2401, ataona mwisho unazunguka 7, 9, 3, 1. Gawa 2025 kwa 4, inabaki 1, yaani ya kwanza kwenye mzunguko, kwa hiyo jibu ni 7. Hapo amefikiri, hakukariri, na hilo ndilo tunalolitaka.

AMC 10, mashindano ya hisabati ya wanafunzi wa Marekani, ina maswali 25 kwa dakika 75: ukipatia alama 6, ukiacha wazi 1.5, ukikosea 0. Mfumo huo unapunguza kubahatisha, uigeni, ila kwa grupu changa maswali 10 yanatosha kabisa.

Muda, Jumamosi saa mbili usiku. Wa Mbagala na Kimara watakuwa wameshafika nyumbani. Na tafadhali, ufumbuzi wote utoke usiku uleule wakiwa bado na hamu. Njia ya mwanafunzi ikiwa fupi kuliko yako, weka ya kwake.