Nina pesa za pedali moja: Carbon Copy au DD-3?

Swali: Fundi, salamu. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya benga wikendi, na Jumapili asubuhi niko kanisani Kayole. Kuna duka la mtumba hapa mjini lina pedali mbili za mwangwi, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa: MXR Carbon Copy na Boss DD-3, bei karibu sawa. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, zote hutoa mwangwi, lakini ndani hazifanani hata kidogo.

Carbon Copy ni ya analogi. Sauti yako hupita kwenye safu ndefu ya kapasita, kila moja ikimpokeza jirani yake, kama watu wanavyopokezana ndoo za maji nyumba ikishika moto mtaani. Njiani maji humwagika, na vichujio vya kupunguza kelele hukata ukali wa juu. Ndiyo maana kila mwangwi unaorudi huwa mzito na hafifu kuliko uliotangulia. DD-3, iliyotoka 1986, hugeuza sauti kuwa namba, ikaihifadhi, kisha ikaitoa ikiwa karibu kali kama ulivyoipiga.

Kwa benga peke yake ningekuambia Carbon Copy bila kufikiri mara mbili. Solo ya benga ni noti nyembamba zinazokimbizana. Zikirudi kali zinakanyaga zile mpya, na msikilizaji hajui ashike ipi.

Kanisani ni hesabu. Gawa 60,000, yaani milisekunde za dakika moja, kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa pole wa mapigo 72 una pigo la milisekunde 833. Ule mtindo wa ibada, mwangwi kuangukia robo tatu ya pigo, unataka 625. Mwangwi wa Carbon Copy hauwezi kuchelewa zaidi ya 600. DD-3 hufika 800. Milisekunde 25 utaziona kitu kidogo mpaka umsikie mpiga ngoma akianza kukufuata wewe badala ya wimbo.

Kwa hivyo chukua DD-3. Siku ya benga, shusha kabisa kifundo cha F.Back, kinachoamua mwangwi urudi mara ngapi, urudi mara moja tu, weka muda kama milisekunde 120, na E.Level, yaani nguvu ya mwangwi, iwe chini kiasi kwamba unausikia ukizimwa kuliko ukiwashwa. Hautakuwa na ule uzito wa analogi, lakini hautakukanyaga.

Kabla hujalipa, chomeka gitaa na uzungushe kila kifundo polepole. Kikikwaruza, kuna vumbi au kimechakaa. Omba bei ishuke. Jaribu nafasi zote za kifundo cha Mode kwenye DD-3, si moja tu. Kisha adapta: pedali hizi zinataka volti 9, ncha hasi ikiwa katikati ya plagi. Zile za ruta unazookota Luthuli Avenue kwa kawaida zina chanya katikati, kwa hivyo soma mchoro kwenye kibandiko kwanza. Na betri usiitegemee. DD-3 inaila haraka. Kesha moja linatosha kuimaliza, na itazimika katikati ya wimbo wa sifa.