Baiskeli naiosha kila siku, mbona breki zinalia?

SWALI: Habari zenu, mimi naendesha baiskeli ya milimani, kila nikirudi na matope naipiga maji ya presha kwa ile mashine ya kuoshea magari mpaka inang'aa, halafu naipulizia oili ya kopo kwenye cheni, gia, kila kitu. Sasa wiki mbili hizi breki za diski zinapiga kelele kama filimbi na hazishiki, na cheni nayo bado inalia. Nakosea wapi jamani, maana kuosha naosha kweli!

JIBU: Kuosha unaosha ndugu yangu, tena umepitiliza.

Tuanze na breki maana hiyo ndo itakuvunja meno. Oili ya kupuliza haitulii pale ulipolenga, inapaa kama ukungu inatua kwenye diski, ukikamata breki padi, vile vipande vinavyoibana diski, zinainywa. Futa diski kwa spiriti na kitambaa kipya, sio lile tambara la cheni, na usiiguse kwa vidole maana hata mkono una mafuta yake. Padi zilizokunywa oili mimi sizihangaikii tena, wapo wanaozichoma moto, wapo wanaozipiga msasa, inakaa siku mbili kelele hiyo imerudi, nunua mpya tu yaishe. Ukishafunga mpya usikimbilie mteremko, tembea mwendo wa kiasi, kamata breki taratibu mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia kama mara ishirini hivi kila gurudumu ndo zinaanza kung'ata.

Mashine ya presha achana nayo. Beringi za magurudumu, za pedeli na za usukani zimezibwa kuzuia mvua na matope, sio maji ya kusukumwa kwa nguvu, yakiingia yanaondoka na grisi, na siku ukiinua gurudumu ukalizungusha huku umeshika fremu utasikia kitu kama mchanga kinatembea ndani. Ndoo, sabuni ya vyombo na brashi laini vinatosha kabisa. Matope yaliyokauka yaloweshe kwanza, hasa kwenye zile nguzo zinazong'aa za shokapu ya mbele, ukisugua pakavu mchanga unachora, na mchoro ukishakuwepo unakula mpira wa kuzibia na mafuta yanaanza kuvuja.

Sasa cheni, hapa ndo wengi tunadanganyika. Kinachohitaji mafuta ni ndani ya pingili, pale pini inaposuguana na kile kijipipa chake, huko nje mafuta kazi yake ni kukusanya vumbi tu, mafuta na vumbi vikichanganyika unapata msasa wa maji unaotafuna meno ya gia huku wewe unajiona umeitunza. Kwa hiyo ishike na tambara, zungusha pedeli kinyumenyume mpaka tambara liache kutoka jeusi tii, iache ikauke, weka tone moja moja kila pingili kwa upande wa ndani, mafuta ya cheni yenyewe, subiri yanyonywe halafu futa nje kana kwamba unayaondoa yote. Ukiigusa vidole vikatoka na uchafu kidogo tu, hapo sawa.

Kama bado inalia, ipime, inawezekana imeshachoka. Chukua rula, anzia katikati ya pini moja uhesabu nafasi 24 za pini hadi pini, cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ya baiskeli yenye gia 11 au 12 nyuma ikipita 306 na kidogo badilisha, za gia chache unaweza kuvumilia mpaka 307, ukingoja zaidi ya hapo utanunua na gia za nyuma, na hizo sio bei ya cheni.

Ukimaliza kuosha idundishe baiskeli chini mara mbili tatu maji yaliyojificha yatoke. Na lile kopo la oili kapulizie bawaba za mlango.