Pailoti ya fraya inazima ukiachia nobu? Usikimbilie kununua thamokapo

Juzi dada mmoja mwenye banda la chips kaniuliza fraya yake, ile mashine ya gesi ya kukaangia, ina nini, anawasha pailoti, yaani ule moto mdogo wa kuwashia jiko lake, inawaka vizuri, akiachia tu nobu inazima, na fundi keshamwambia alete hela ya thamokapo, kile kijiti cha chuma kinachopashwa na moto wa pailoti. Nikacheka peke yangu, maana hiyo hela mimi nimeshaitoa mara mbili na ugonjwa haukuwa huko.

Yangu ilianza Ijumaa jioni, si unajua Ijumaa ilivyo, foleni ya zege ipo mlangoni na viazi vimeshamenywa ndoo mbili. Pailoti ikagoma. Fundi akaja akabadilisha thamokapo, ikashika siku mbili ikarudi palepale, akaja akaweka nyingine, ikagoma kabisa, ndo akaingia uvunguni akachezea waya dakika kumi hivi akatoka anafuta mikono, "bosi tayari". Na kweli ikashika. Nikamlipa na chips juu.

Kesho yake mchana mafuta yakaanza kutoa moshi mweupe, termostati, ile ya kupangia joto la mafuta, nimeiweka 180 na viazi vinaungua nje ndani vibichi. Nikafunga gesi kwenye mtungi, nikasubiri yapoe kabisa, nikachungulia chini, nakuta jamaa kaunganisha waya mbili moja kwa moja akaruka swichi ya joto kali. Yaani ile swichi inayokata gesi mafuta yakizidi kama nyuzi 230 hivi, yeye kaitoa kazini! Na termostati nayo kumbe ilishaanza kuchoka, kwa hiyo hapo kati hakukuwa na kitu chochote cha kuzuia mafuta yasipande mpaka yawake yenyewe. Nilikaa kwenye kreti ya soda nikanyamaza kwanza.

Sasa mbona alipoiruka pailoti ilishika? Hapa ndo pa kuelewa. Thamokapo ikipashwa moto inazalisha umeme mdogo sana, milivolti 25 mpaka 30 na kitu, na umeme huo ndo unashikilia valvu ya gesi iwe wazi baada ya wewe kuachia nobu. Kwenye mashine kama yangu umeme huo unapitia kwanza kwenye swichi ya joto ndo ufike kwenye valvu. Umeme wenyewe kiduchu, ukikuta kiungo kina grisi au kimelegea unaishia njiani. Vichwa vya waya pale kwenye swichi vilikuwa vimeganda mafuta meusi kama lami, na moto wa pailoti nao ulikuwa wa njano, mdogo, unayumbayumba, unailamba thamokapo kwenye ncha tu. Umeme dhaifu ukichanganya na njia mbovu lazima izime, hata uweke thamokapo ya dhahabu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela angalia moto wenyewe kwanza. Unatakiwa uwe wa bluu, mkali, unaizunguka ile ncha ya thamokapo kama sentimita moja hivi. Ukiwa wa njano au mfupi, jeti ya pailoti, kile kipande chenye tundu dogo la kutolea gesi, ina masizi, au utando wa buibui kama fraya ilikaa muda bila kazi. Funga gesi, fungua jeti, iloweke kwenye spiriti, ipulize kwa pampu ya baiskeli, na tafadhali usiichokonoe na sindano kama nilivyofanya mimi, tundu likipanuka moto unaharibika moja kwa moja utanunua nyingine. Mtungi ukiwa unaelekea kuisha au regulata imechoka moto pia unakuwa mdogo, na feni ya ukutani ikipiga chini inaupeperusha, hiyo nayo iliwahi kunisumbua wiki nzima namlaumu muuza gesi wa watu.

Halafu nati ya thamokapo pale inapoingia kwenye valvu. Ifungue, futa kichwa chake kwa kitambaa kikavu, rudisha kwa vidole mpaka ikaze kisha robo mzunguko wa spana basi, ukikaza kama nati ya tairi unaua valvu. Futa na vile vichwa vya waya vya swichi ya joto, na kama swichi ina kile kitufe kidogo cha kuirudisha kibonyeze mafuta yakishapoa. Kikiruka tena na tena tatizo ni termostati, ita fundi, ila simama pembeni uone anachofanya na waya.

Kuwasha, bonyeza nobu usiachie haraka, hesabu sekunde 45 mpaka 60, wengi wanaachia kwenye 10. Ikizima subiri kama dakika tano ndo urudie, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inalala chini palepale kwenye miguu yako. Viungo ulivyofungua vipake povu la sabuni kabla ya kuwasha kitu chochote, likitoa mapovu hapo panavuja.

Mimi nilisafisha jeti na zile waya, nikarudisha swichi, nikanunua termostati mpya, pailoti ikatulia. Ile thamokapo ya kwanza aliyoing'oa fundi akasema imekufa niliipasha kwa kiberiti cha gesi nikaipima na mita, ikasoma milivolti 28. Ipo kwenye droo ya chenji, ndo spea yangu.