Mpanda joka anaugua nini? Jibu kwa mwandishi wa riwaya

SWALI: Jambo Daktari. Ninaandika riwaya ya kubuni kuhusu ufalme ulio kando ya ziwa linalofanana na Kivu letu, chini ya mlima wa moto wenye urefu wa Nyiragongo. Watu wa huko husafiri kwa majoka yanayoruka na kutema moto. Shujaa wangu ni binti wa miaka 16. Anapanda joka ufukweni, anavuka mlima, kisha anapaa hadi mita 7,500 ili kuwakimbia adui zake. Yupo pia mjomba wake, aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana. Sipendi kuandika jambo ambalo daktari akilisoma ataona haliwezekani. Je, mwili wa mpanda joka ungepatwa na nini, na hatari kubwa kuliko zote ni ipi? (Msomaji wa kike, Bukavu)

JIBU: Dada mpendwa, ninalijibu swali lako kwa uzito uleule ninaompa dereva wa pikipiki au mchimba madini anayekuja kuulizia kazi yake, maana joka ni la kubuni lakini binti yako ni binadamu. Joka unaweza kulipa nguvu zozote uzitakazo. Mapafu, damu na uti wa mgongo wa aliyelikalia vitaendelea kufuata kanuni tunazozifahamu.

Wengi wangetaja kwanza kuanguka na kuungua. Mimi sianzii hapo, kwa sababu mikanda imara huzuia kuanguka, na mtu anayeishi na joka hujifunza mapema kutosimama mbele ya kinywa chake. Kinachomuua mpanda joka, kwa maoni yangu, ni hewa: ikipungua, ikiwa baridi, au ikichafuka.

Tuanze na kupungua kwake. Ufukwe wa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470. Mtu aliyezoea kuishi Goma au Bukavu akibebwa hadi kileleni atahema zaidi na moyo utamwenda mbio, lakini akili yake itabaki timamu. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya safari haina shida. Kadiri anavyopanda, shinikizo la hewa hupungua, na kwenye mita 5,500 hivi huwa nusu tu ya lile la pwani. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni asilimia 21 kila mahali, ila kila pumzi huwa na hewa kidogo, na damu hukosa cha kubeba. Kwenye mita 7,500 mtu asiye na oksijeni ya ziada, aliyepandishwa ghafla, ana dakika 3 hadi 5 hivi za kufikiri na kutenda sawasawa, na akihangaika na hatamu au akipigana, muda huo hupungua.

Hapa ndipo ninapokuomba uandike kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ukosefu wa oksijeni hauumi. Mtu hasikii kwamba anakosa hewa. Mara nyingi husikia raha, hujiamini, na huona mambo yanamwendea vizuri. Marubani wanaofunzwa ndani ya chumba cha shinikizo dogo hupewa karatasi waandike majina yao au wafanye hesabu ya kutoa, na baadaye wanapoonyeshwa karatasi hizo hushangaa kuona herufi zilivyopinda, ilhali wakati wa kuandika walidhani wanafanya vema. Mpe binti yako kazi ndogo ya namna hiyo, tuseme fundo la kamba analolifunga kila siku. Avute ncha moja, asahau nyingine iko wapi, aanze upya, huku akitabasamu. Kucha na midomo vimeanza kuwa na rangi ya buluu, lakini yeye hazioni kucha zake kwa sababu macho yake sasa yanaona katikati tu, na pembeni kumekuwa giza.

Tukio hili lina mfano katika historia. Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa 3, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipaa kwa puto liitwalo Zénith hadi zaidi ya mita 8,000, wakiwa ndani ya kikapu kilicho wazi, hali iliyo karibu sana na ya mpanda joka. Mifuko ya oksijeni ilikuwa pamoja nao, lakini mikono yao ililegea kabla hawajaitumia ipasavyo. Tissandier pekee ndiye aliyeshuka akiwa hai, na masikio yake yakawa yameharibika. Ukitaka binti yako apone, joka lishuke lenyewe, au awepo mwenzake aliyebaki chini zaidi anayeona kwamba mwendo wake si wa kawaida. Usimfanye agundue mwenyewe na kuamua kushuka. Hilo ndilo daktari angelikataa.

Jambo moja waandishi hulichanganya na hili: ugonjwa wa milimani, wenye kichwa kuuma na kutapika, huchukua saa kadhaa kujitokeza. Hautampata katika safari ya nusu saa. Utampata iwapo atalala huko juu.

Baridi nayo si ndogo. Kwa kawaida joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo akiondoka ufukweni kwenye nyuzi 25, kwenye mita 7,500 atakuta takriban nyuzi 14 chini ya sufuri. Ongeza upepo: joka likienda kilomita 60 tu kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sufuri, na pua, masikio na vidole vinaweza kuganda kabla ya nusu saa kwisha. Vikwembe viwili mabegani havitamsaidia. Anahitaji ngozi ya mnyama au koti zito lisilopitisha upepo, glavu, na kitu cha kufunika uso.

Huenda ukasema joka lina moto tumboni, basi litampasha. Ni kweli kwa mapaja yake, na hapo kuna hatari usiyoitegemea. Kitu chenye nyuzi 44, ambacho mkono unakistahimili bila shida, kikigusa ngozi mahali palepale kwa saa 6 hivi huiunguza, na miguu iliyokufa ganzi kwa baridi na kwa kubanwa na mikanda haitamwonya. Akifika mwisho wa safari ndefu anaweza kuwa na vidole vilivyoganda na mapaja yenye malengelenge kwa wakati mmoja. Tandiko nene ni dawa zaidi ya kuwa pambo.

Sasa hewa chafu. Joka linalotema moto huku likiruka humrudishia mpandaji moshi usoni, lakini angani upepo huutawanya upesi. Mwenye kuumia zaidi ni mtumishi anayelala pangoni pamoja na joka. Sisi sote tunajua habari za familia iliyofunga mlango na madirisha usiku, mbabula ya makala ikiwa bado inawaka ndani. Gesi inayoua hapo ni kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtumishi wako angeamka na kichwa kizito na kichefuchefu, angedhani ni malaria, angepata nafuu akitoka nje, na usiku ungemrudisha palepale. Kama riwaya yako inahitaji kifo kisichoelezeka katika jumba la mfalme, kiko hapo tayari, na mganga mwerevu angekigundua kwa kuuliza kwa nini wanaolala karibu na mlango hawaugui.

Watu wa Goma na Sake wanayajua pia mazuku, ile gesi ya kaboni dayoksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni na katika mashimo kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Mbuzi na mbwa hufa humo, na watoto wamo hatarini kuliko watu wazima kwa kuwa wako karibu na ardhi. Fikiria joka limetua katika shimo la namna hiyo karibu na volkeno: kichwa chake kiko juu, linapumua vizuri, halionyeshi dalili yoyote. Binti anashuka, anainama kukaza mkanda wa tumbo la joka, na hainuki. Rafiki anayemkimbilia naye ataanguka. Anayetaka kumwokoa amvute kwa kamba kutoka juu.

Kuhusu mwendo wenyewe nitasema kwa ufupi. Joka likishuka kwa kasi kisha likainuka ghafla, damu hukimbilia miguuni. Mtu asiyefunzwa huona kijivu, kisha giza, na anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache mzigo ukifika mara 4 au 5 ya uzito wake. Akilala kifudifudi juu ya shingo ya joka, badala ya kukaa wima, atastahimili zaidi. Akaze misuli ya mapaja na tumbo kabla joka halijainuka, si baada. Na akiwa na mafua asiruke, kwa maana wakati wa kushuka ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

Mjomba anahitaji magonjwa ya polepole. Mgongo wa chini unamuuma kama unavyowauma madereva wa pikipiki wetu wanaopita kila siku juu ya mawe ya volkeno, na asubuhi huchukua muda kunyooka. Jua kali la juu na upepo wa miaka mingi vimemwotesha kinyama cheupe kwenye jicho, upande wa pua, kinachoelekea mboni. Ngurumo za joka na mvumo wa upepo vimemwondolea kwanza sauti nyembamba: anamsikia mfalme mwenye sauti nzito, lakini maneno ya mpwa wake yanampita, hasa watu wengi wakizungumza pamoja. Akitoka zizini anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto mchanga, kwani wanyama wa jamii ya mijusi na nyoka hubeba salmonela, vijidudu vinavyoleta kuhara, bila wenyewe kuugua, na sioni sababu ya kuamini kwamba joka lako lingekuwa tofauti.