Maswali Yenu: Mwongozaji wa jukwaani anapokabidhiwa kamera

SWALI: Nimezoea kuongoza michezo ya jukwaani. Sasa nimeitwa kuongoza tamthilia ya televisheni ya kamera 3, na waigizaji wengi ni wa jukwaani kama mimi. Nijiandaeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hongera, ndugu yetu. Anza na mswada. Ukurasa mmoja uliopangwa kitaalamu hukaribia dakika 1 ya kipindi. Ugawe kwa lokesheni, yaani mahali pa kupigia picha: sini (vipande vya hadithi) zote za sebuleni zipigwe pamoja, hata kama moja ni ya mwanzo wa hadithi na nyingine ya mwisho. Hapo ndipo mwigizaji wa jukwaani hupotea, maana amezoea hasira yake ipande taratibu tangu pazia linapofunguliwa. Kabla ya kila sini mkumbushe kwa ufupi: katoka wapi, kajua nini, na nani bado anamficha.

Kisha chora ramani ya chumba. Vuta mstari kati ya wazungumzaji wawili, na kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Ikivuka hata moja, wanaotazamana wataonekana wameelekea upande mmoja, na mtazamaji hataelewa nani anamjibu nani. Kamera ya kati ichukue wote wawili. Ya kushoto imchukue aliye kulia, ya kulia imchukue aliye kushoto. Ukifanya kinyume utapata mashavu na masikio, macho huyaoni.

Sauti ndiyo huharibu kazi nyingi. Mwigizaji aliyezoea kuwafikia wa viti vya nyuma akipaza vile vile na maiki kifuani, sauti hupasuka, na iliyopasuka haitengenezeki vizuri. Azungumze na aliye mbele yake tu. Kama kuna kupiga kelele, apige kelele hizo hizo kwenye mazoezi, fundi apime. Zima feni na friji. Funguo za gari la kazi ziwekeni ndani ya friji, mtu asiondoke kabla ya kuiwasha tena. Mkimaliza, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Mhariri atazihitaji kuziba mapengo.

Usiharakishe kusema "kata", amri ya kusimamisha kamera. Acha sekunde 3 au 4 baada ya neno la mwisho, uso bado unafanya kazi.

SWALI: Nasomea wapi uongozaji, nami sijawahi kuongoza? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, hufundisha sanaa za maonyesho, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia. Ukiwa bado unasoma, omba kazi ya mwendelezo. Huyu ndiye anayeandika kikombe kilikuwa mkono gani, kimebaki chai kiasi gani, kiliinuliwa kwenye neno lipi. Kikombe kikiruka mkono, picha mbili haziungiki. Anayeifanya kazi hiyo kwa makini huona ni picha zipi zinaungana na zipi hazikubali, jambo ambalo mwongozaji analihitaji kila siku.