Usaili wa kazi ya kaunta kwenye chama cha akiba na mikopo

Dada, umesema Alhamisi una usaili wa kazi ya kaunta katika chama cha akiba na mikopo, na hujawahi kushika kazi ya fedha. Usiogope, mimi niliingia nikitokea dukani.

Anayekuja dirishani pale ni mwanachama, yaani mmoja wa wenye chama, na ana kura moja hata akiba yake iwe ndogo. Liseme hilo kwa maneno yako, wataona umejiandaa.

Swali lililonitoa jasho: mzee anataka kutoa pesa za mkewe aliyelazwa, na hana idhini ya maandishi. Nilijibu kwamba ningempa pole, nimweleze kwa sauti ya chini kwa nini siwezi, kisha nimwite msimamizi. Walikuwa wanapima kama huruma itanifanya nivunje utaratibu. Andaa na kisa chako cha kweli cha mteja aliyekasirika, ukisimulie mpaka kilivyoisha.

Hesabu za jioni zisipolingana? Toa taarifa papo hapo, usifidie kimyakimya kutoka mfukoni.

Ukiombwa “ada ya usaili”, usitoe. Na mkataba ukikubebesha upotevu wote wa fedha, mwonyeshe mwanasheria kabla hujasaini.